Mguu wa Saba

Mafundi wanne walikuwa wameshakifungua kile kikokotoo, na wote wanne walianzia mguu wa pembeni.

Anatolia aliwatazama mmoja mmoja, kutoka Muleba mpaka Nshambya. Fundi anafungua, anaona chipu nyeusi yenye miguu mingi kama tandu, anatafuta namba yake mgongoni, anakuta imekwanguliwa. Anakuna kichwa. Kisha anachukua mita na kupima mguu mmoja mmoja kuanzia pembeni, maana chipu nyingi huingizia umeme huko. Mwisho anasema, "Mama, hii siijui. Tafuta nyingine." Anatolia anashukuru, anakifunga kwenye pindo la kanga, anakwenda kwa mwingine.

Wa tano alikuwa Mutembei wa mtaa wa Bakoba, aliyefanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Mkewe, Benigna, tumbo likiwa limemtangulia, alimpa mgeni kahawa ya kutafuna, akarudi nyuma ya pazia.

Mutembei alikishika kikokotoo bila kukigeuza. Kilikuwa cha zamani, cha tarakimu nyekundu, kama vile walivyorudi navyo askari kutoka Uganda baada ya vita, miaka tisa iliyopita.

"Umekitoa wapi?"

"Cha marehemu mdogo wangu, Verdiana. Alikuwa akichuuza dagaa kisiwani."

"Nani alikuelekeza kwangu?"

"Hakuna. Naulizia mafundi, mlango kwa mlango."

"Mimi ni fundi wa redio, mama. Madude haya siyajui." Akakisukuma pembeni, akachukua redio ya watu na kuanza kuipangusa vumbi.

Anatolia alitafuna kahawa yake taratibu. Mtu asiyejua kitu hukitazama. Huyu alikuwa anakikwepa.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?" fundi aliuliza, macho yakiwa kwenye redio.

Kati ya mafundi wote, ni huyu tu aliyeuliza hilo.

"Uzazi," alisema Anatolia.

Mabega ya Mutembei yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. "Pole sana, waitu, mwenzetu."

"Ameacha mtoto wa kiume. Ana meno mawili. Hana ukoo, hana kibanja cha migomba, na mimi ni mjane, nitampeleka wapi? Baba yake ni fundi aliyekuwa akija kisiwani kutengeneza redio za wavuvi, miaka minne anakuja. Alijiita Zahoro. Bukoba nzima hakuna fundi Zahoro."

"Watu ni waongo sana siku hizi," alisema Mutembei.

"Sana. Lakini kalkuleta hiyo ndiyo aliyompa. Ilikuwa imekufa, akaitia chipu ya mashine nyingine kabisa. Wiki mbili aliipima akichora kila mguu unafanya nini, mpaka akaijua yote. Halafu akakwangua namba, asiigwe. Verdiana alisema hakuna mwingine anayeijua."

Redio ilikuwa imeshatakata, lakini Mutembei aliendelea kuipangusa. Majirani walishamwambia Anatolia habari zake kabla hajabisha hodi: mabinti watatu, na ndugu zake kule Kibeta wameshaanza kukipima kibanja chake kwa macho. Mwanamume asiye na mtoto wa kiume, migomba yake huhesabiwa ni ya kaka zake hata kabla hajafa.

"Wa kiume, umesema?"

"Wa kiume."

Fundi aliiweka redio chini. "Hebu nione."

Alikifungua. Hakutafuta namba mgongoni. Hakugusa mguu wa pembeni. Ncha ya mita ilikwenda moja kwa moja mguu wa saba, ambao kwa chipu hii ndio ulioingiza umeme, na hapo akakuta kawaya kembamba kamekatika. Akakainamia, kisha akamtazama mgeni kwa jicho baya.

"Kamekatwa kwa wembe. Nani amekata?"

"Mimi. Mafundi wanne wamepita juu yake hawajakaona. Wewe umekaendea."

Mutembei aliiweka mita mezani. Kama aibu ilimpata, ilimpitia mbio, maana punde alikuwa anatabasamu. Alivuta daftari chini ya meza, akafungua kurasa zilizochorwa miguu ya chipu, kila mguu na maelezo yake, mwandiko safi kuliko wa karani. Akapasha moto pasi ya kulehemu, akakaunga kawaya. Tarakimu nyekundu zikawaka.

"Ni mimi," alisema. "Damu yangu siitupi. Mlete."

"Nitakuaminije? Ulijiita Zahoro. Mtu hukiri asubuhi, jioni akakana. Sema mbele ya mkeo."

"Benigna!" Mutembei aliita, tena kwa sauti ya mtu mwenye sherehe. "Njoo usikie. Tuna mtoto wa kiume!"

Pazia lilifunguka. Benigna alisimama pale, mkono kiunoni, mwingine tumboni. Mumewe alimweleza yote kwa haraka, kisiwa, Verdiana, miaka minne, huku akihesabu miezi ya mtoto kwa vidole na kikokotoo kinawaka mbele yake. Mwanamke alikitazama kikokotoo. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke.

Anatolia alimwonea huruma sana. Kwa mume hakuwa nayo hata chembe.

"Kesho nitampeleka Kibeta nimwonyeshe kibanja chake," Mutembei alikuwa akisema. "Anaitwa nani, mwanangu?"

"Hakuna mtoto," alisema Anatolia. Alisimama, akamwendea Benigna, akamshika mikono yote miwili. "Mdogo wangu hakuzaa, waitu. Alikonda miezi minane kwa ugonjwa huu mpya, mwisho nikawa nambeba kama kitoto. Nimemaliza viatu nikitafuta nyumba hii. Nenda hospitali wakupime damu, kabla hujajifungua."