Pumzi Kabla ya Hesabu

Enyi kusanyiko, tegeni masikio, kwa maana neno hili lawahusu watoto mliokabidhiwa.

Kanga, mwalimu mkuu wa shule ya wanyama, aliamini kwamba elimu huingia kwa kelele. Asubuhi moja aliwakuta wanafunzi wa mwalimu Digidigi uwanjani wamefumba macho, wakisikiliza pumzi zao kabla ya somo la hesabu.

"Mwalimu Digidigi! Hii ni shule au chumba cha kulala?"

"Ndiyo kwanza wanaamka, Mwalimu Mkuu," Digidigi akajibu taratibu.

"Leo hii utafungasha virago!"

Kindi, mmoja wa wanafunzi, akanong'ona, "Samahani Mwalimu, nasikia mbawa."

"Nyamaza! Nani kakuuliza?"

Wanafunzi hawakungoja. Walimburuta Kanga hadi kichakani, na Mwewe aliyeshuka ghafla kutoka angani akaambulia unyoya mmoja tu wa mkia.

Kwa kelele zake mwenyewe Kanga hakusikia mauti yakimshukia.

"Mwalimu Digidigi," akasema kwa unyonge waliporudi uwanjani, "mimi nikae wapi?"

"Hapa, karibu na Kindi. Vuta pumzi uliyopewa bure na Muumba."

Darasa zima likacheka, naye Kanga akacheka, kisha akafumba macho.

Basi ninyi mnaofundisha kwa kufoka, tubuni! Kesho, kabla hamjafungua kitabu, nyamazeni kwanza pamoja na watoto.