Aliyeachiwa Mfuko

Yule mama alishaukung'uta mfuko wote juu ya kiti: shali, chupa ya maji, nepi mpya za mtoto mchanga. Pesa hazikuwamo.

"Zilikuwa humu," alisema. "Humu humu, jamani!"

Basi zima likageuka. Wengine wakasema pole, wengine wakasema ndiyo dunia. Kondakta akaapa kwamba huyo mwizi akipatikana, polisi watakabidhiwa mabaki.

Fundi saa aliyekaa naye kiti kimoja alikuwa anatoka jasho. Pale mpakani, mama alipokwisha kubadilisha pesa na kwenda msalani, yeye ndiye aliyeachiwa ule mfuko.

"Kosa ni langu, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Lako kivipi? Si ulikuwa unaniangalizia?"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Na nchi yenyewe ilikuwa ngeni kwao wote wawili. Huku ni noti mkononi au hakuna: kadi ya benki ni pambo tu, na laini za simu za kwao hazitumi wala kupokea hela. Ukiibiwa, umekwisha. Binti wa yule mama alijifungua kwa upasuaji, na hospitali imemzuia yeye na kichanga chake mpaka bili ilipwe. Mama aliyaeleza hayo akilia, na fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Laiti angeyajua mapema!

Alikuwa ashuke mji wa mbele, kwa wateja wake. Hakushuka. Basi liliposimama ili abiria wapate kula, alimvutia mama kiti.

"Agiza, mama. Nitalipa."

Mama akafuta machozi, akaagiza chai na mkate. Halafu, bila kuona haya, akaongeza mayai.

"Na teksi ya kwenda hospitali?"

"Nitalipa."

"Na hospitali yenyewe?"

"Nitalipa, mama. Yote."

Mama akamtazama kitambo. "Mungu anakuona, mwanangu," akasema, akaendelea kula.

Fundi hakugusa kitu.

Hospitalini, mbele ya dirisha la keshia, aligeukia ukuta kuzitoa zile noti, kama mtu anayefunga zipu. Keshia akahesabu, akagonga muhuri. Punde binti akatoka na kichanga kifuani, akajaribu kupiga magoti.

"Sijui nikushukuru vipi, kaka."

"Usinishukuru." Fundi alishindwa hata kumtazama mtoto. "Nakuomba, dada, usinishukuru." Akaaga harakaharaka.

Mama akamsindikiza mpaka getini. Akamshika mkono kwa upole, akamsogelea sikioni ili binti asisikie.

"Haya, mwanangu," alisema. "Zile zangu zilizobaki nipe, tupate nauli ya kurudi."