Nyumba ya Mazoezi

Shule ya Mwabuki haina kompyuta hata moja. Kwa hiyo sheria ni ile ile ya kila mahali: mwalimu wa kujitolea anayekuja kufundisha kuandika programu huwapa wanafunzi nyumba yake waifanyie mazoezi. Taa, jiko, mlango na madirisha, vyote vinawatii wao.

Mimi sikulalamika. Mwanzoni jiko liliunguza ugali wangu, na taa zilinizimikia nikiwa naoga. Nikawarudisha ubaoni. "Programu nzuri haisahau kitu," niliwaambia mpaka wakaiva. Siku hizi chai inachemka kabla sijaamka, na mlango ukiniona unasema, "Shikamoo, mwalimu," kisha unasubiri niitikie ndipo ufunguke. Adabu hiyo waliiweka wenyewe. Nani mwingine ana darasa kama langu?

Leo muda wangu umekwisha. Nilifunga begi, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Haukufunguka. Nikampigia simu Nkwimba, kiranja wa darasa.

"Mwalimu, wenzako wote waliokutangulia waliondoka kabla hatujamaliza masomo," alisema kwa upole. "Safari hii tumekubaliana darasa zima. Weka begi chini, chai inachemka."

Nikaifungua programu yao kwenye simu nitafute kosa, maana kosa halikosekani. Nimeisoma yote. Ni safi, kazi ya kujivunia. Hata kile kidirisha cha jikoni, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau, wao hawakukisahau.