Dawa Chungu ya Bibi Asiya

Bibi Asiya alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni, mjukuu wake akamdaka mkono.

"Bibi, dokta kapima tena, sukari yako imezidi kupanda. Ikisogea kidogo tu, ni ugonjwa. Unakunywa nini?"

"Si unga wa uwatu, mwanangu, wa kuishusha! Kila asubuhi naunywa."

Msichana akaonja, macho yakamtoka. Kijiko kilisimama wima kikombeni bila kushikwa na mtu.

"Na sukari yote hii?"

"Apana, hiyo si yangu, ni ya dawa. Uwatu mchungu, nitaumezaje?"

"Kitendawili, Bibi!"

"Tega!"

"Mwizi namfukuza mlango wa mbele, namfungulia wa nyuma."

Bibi, asiyeshindwa kitendawili Buyenzi nzima, alifungua mdomo ajibu. Jicho likaangukia kijiko, akaufumba.