Mwogeleaji wa Juu ya Kinu

Lukumani alikuwa akiogelea juu ya kinu.

Kinu kimelazwa uani, naye amelala juu yake kifudifudi, mikono ikivuta hewa, miguu ikipiga hewa, vumbi likimwingia puani. Kila mkono ulifungwa kamba ya gome, na mwisho wa kamba kulikuwa na jiwe la kuburuta.

"Vuta, Baba Louise," alisema mkewe, Albertine. "Jiwe halijasogea."

"Limesogea. Macho yako ndiyo hayajasogea."

"Ulimi wako una nguvu kuliko mikono. Vuta!"

Majirani walicheka mpaka wakachoka kucheka. Kabambare ni nchi ya vilima, na kiangazi kile kijito chao hakikupita kifundo cha mguu. Hata bata alikivuka kwa kutembea. Lakini Lukumani alizaliwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akajua kuogelea kabla ya kujua kuvaa nguo. Miaka mitatu iliyopita Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, alimtoa huko yeye na mkewe kuja kulima pamba kando ya barabara, na bila barua ya ruhusa mtu hatoki. Mtoto wao mmoja, Louise, siku ile alikuwa na surua, akabaki na bibi yake hukohuko Nyangwe. Alikuwa hajajua kutembea. Sasa, walioshuka huko walisema, anasema maneno yote, na anamwita bibi yake mama.

Neno hilo lilimla Albertine ndani kwa ndani, kama mchwa na mlango.

Basi mwaka ule wa vita ya Wazungu, kapita Antoine, msimamizi wa pamba, alitangaza kwamba mvua zikirudi kutakuwa na mashindano ya kuogelea Nyangwe, siku ya sikukuu ya serikali. Nyumba ya mshindi itapewa barua ya kurudi mtoni. Albertine aliliacha jembe palepale, akaenda kuandikisha jina la mumewe.

"Iko anakohoa?" Antoine aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapana, kapita."

"Vizuri."

Tangu siku hiyo Albertine alilima mistari yake ya pamba na ya mumewe pia, ili nguvu za mwanamume zisiishie shambani. Karanga zilikwenda kwa Lukumani; Albertine alikunywa maji ya sombe, majani ya muhogo, akasema ameshiba. Na pumzi ya mumewe aliipima kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega," Lukumani alijibu, akazamisha uso ndani ya beseni.

Albertine alianza kutega polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu: "Amelala chini mchana na usiku, na safari yake haikatiki."

Lukumani akatoa kichwa, macho mekundu. "Mto."

"Umetoka kabla sijamaliza mara ya tatu. Rudi."

"Mama Louise, utaniua na beseni."

"Afadhali beseni kuliko kilima hiki."

Siku moja Lukumani alikataa kabisa. Alikaa chini, kifua kikimwaka moto. "Wenzangu wanaogelea maji kila siku, mimi naogelea vumbi. Tuache."

Albertine aliingia ndani, akaleta kamba ndogo ya shanga. "Hiki kilikuwa kiuno chake," alisema. "Leo haitamtosha hata pajani. Kiuno chake cha leo nakijua mimi? Unakijua wewe?"

Lukumani alirudi kwenye kinu.

Mwisho wa kiangazi akapita Kasimu, mchuuzi wa Nyangwe, baiskeli yake imejaa chumvi na samaki wakavu. Antoine alikuwa amesimama palepale akichagua samaki.

"Shemeji," Albertine alimwuliza Kasimu, "wanaume wa kwenu wanajitayarisha namna gani?"

Kasimu alimtazama Antoine, kisha akatazama samaki zake. "Kwetu, sikukuu ikikaribia, wanaume wanakohoa, shemeji. Mto muzima unakohoa. Mutu ambaye havuti tumbako, siku hizo anavuta."

"Na yule aliyeshinda mwaka jana?"

"Yule iko mbali." Kasimu alifunga mzigo wake polepole. "Na mumeo, kifua hakimuumi hata kidogo? Jaribu kumuuliza vizuri."

"Kizima kama ngoma!"

Kasimu akapanda baiskeli. Albertine alirudi nyumbani akicheka peke yake, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Wanaume wa mtoni ni wagonjwa! Akamfungia Lukumani jiwe la pili.

Mvua zikarudi. Walitembea siku sita nyuma ya Antoine, wakapita Kasongo, wakafika Nyangwe asubuhi ileile ya sikukuu. Lualaba ilikuwa imejaa. Askari waliwavusha waogeleaji ng'ambo kwa mitumbwi, wakawakataza kusemezana. Albertine alibaki ukingo huu, pamoja na karani na munganga, daktari wa serikali.

Filimbi ikalia. Wanaume wa mtoni waliingia majini kama mbuzi wanaooshwa, wakishikana, wakikohoa, wengine wakarudi walikotoka. Lukumani alikuja peke yake katikati ya mto, mkono baada ya mkono, maji yakipasuka mbele yake. Albertine alitega kitendawili kwa sauti, mara tatu, mara sita, mara ishirini, mpaka mumewe akashika majani ya ukingo.

Alipiga vigelegele peke yake. Wanawake wa Nyangwe walitazama miguu yao.

Munganga alimgonga Lukumani kifuani, akasikiliza, akamfungua kinywa, akaitika kwa kichwa. Karani akamwita Albertine.

"Weka dole gumba hapa, mama."

Barua ilikuwa ya kweli, muhuri wake bado mbichi: ruhusa ya kukaa Nyangwe, siku zote. Albertine aliibana kifuani kwa mikono miwili.

"Na jina la mume wangu, karani, liko mstari gani?"

"Barua ni ya mke na mtoto," karani alisema, bila kuinua kichwa. "Yeye ni askari tangu aliposhika ukingo."