Rangi Sifuri

“Usiguse hiyo rimoti,” Luqman alisema, na hakuwa anatania.

Solomoni alirudisha mkono taratibu. “Nataka kupunguza mwanga tu, kaka. Unaniumiza macho.”

Eti unamuumiza! Luqman alihisi damu inachemka. Jumamosi ya nne sasa, jamaa anatoka zake Usa River, anaingia kwenye kibanda cha gemu hapa Kijenge na kapelo imefunika uso, miwani myeusi ndani ya nyumba kama msanii. Anavuta kiti mpaka pua inakaribia kugusa TV, kisha anaanza kutoa amri. Punguza mwanga. Zima ile taa. Maringo matupu, na mtu mwenyewe hana mbele wala nyuma. Hata kwenye shamba la maua walimtimua, kila siku anachanganya waridi nyekundu na za njano kwenye fungu moja. Mzembe wa kutupwa.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mzembe huyo alikuwa hajafungwa hata mara moja. Na leo ilikuwa fainali ya gemu ya mpira. Atakayeshinda ndiye anayekwenda Dodoma kuiwakilisha Arusha, na Luqman, bingwa wa Kijenge miaka mitatu mfululizo, alishamuaga mama yake. Jezi yenye jina lake mgongoni ilishachapishwa.

Ndiyo maana tangu Jumatano alijifungia nyumbani na TV yake, rangi ameishusha mpaka sifuri. Nyekundu na kijani zikawa kijivu kimoja. Siku ya kwanza aliwapasia maadui mpaka akatukana ukuta. Siku ya tatu aliwajua wachezaji wake kwa mwendo na kwa nywele.

Alibonyeza rimoti akijifanya anapunguza mwanga. Mwanga ukashuka kidogo, rangi zikatoka zote. Rimoti akaitia mfukoni.

“Mimi nyekundu, wewe kijani,” alisema.

“Sawa. Wangu wanaanzia upande gani?” Swali lake la kila siku.

Watazamaji wakaanza kunung'unika. Zakia, mwenye kibanda, akasogea. “Luqman, picha imekuwa kijivu. Hebu irekebishe.”

“TV imezeeka, dada. Tucheze hivi hivi, ni sawa kwa wote.”

Zakia akamgeukia Solomoni. “Na wewe umekubali?”

“Mimi sina shida,” alisema Solomoni, akavuta kiti mbele.

Dakika ya kumi Solomoni alifunga. Dakika ya thelathini akafunga tena. Pasi zake zilikwenda miguuni kana kwamba amezituma kwa jina. Za Luqman zilianza vizuri, kisha hasira zikamchanganya, akawasahau wachezaji wake mwenyewe. Bao la nne lilipoingia Luqman aliitupa pedi ya kuchezea chini, betri ikaruka.

“Amebahatisha,” alifoka. “Kwa TV mbovu kama hii, amebahatisha tu!”

Zakia alikuwa anaandika jina la Solomoni kwenye fomu ya Dodoma.

Solomoni aliiokota pedi, akairudishia betri, akamkabidhi Luqman. Kisha akamwinamia, akasema taratibu ili wengine wasisikie.

“Naona wewe hukushtuka wenzako walipolalamikia rangi. Umefanya mazoezi siku ngapi, kaka?”

“Tatu,” ikamtoka Luqman.

Solomoni akashusha kapelo yake.

“Mimi tangu kuzaliwa.”