Ukoko wa Bibi Harusi

Redio ya jirani ilikuwa imeshatangaza: masika haya pwani itapata mvua kubwa, bara ukame utaendelea. Na kweli, wingu zito lilikuwa limeshatanda juu ya turubai la harusi.

"Si nilikukanya tangu mdogo?" Shangazi Mwanakheri alifoka. "Msichana akila kwenye sufuria, siku ya harusi yake mvua inanyesha. Ona sasa! Tuahirishe, watu wasije wakatucheka."

Mwanamize alinyanyuka na hina yake mikononi, akaenda uani, akaiburuta sufuria kubwa ya pilau mpaka katikati ya wanawake. Akajikalia juu ya kibao cha mbuzi, akabandua ukoko kwa mwiko, akautafuna mbele ya wote.

"Haiahirishwi. Kama mvua hii nimeiita mimi, basi na inyeshe yote. Nitaolewa hivyo hivyo, nimelowa chapa."

Shangazi akajishika kichwa. Mamamkwe wa Mwanamize, aliyeingia asubuhi ile kutoka bara, alikuwa amesimama mlangoni na ameyaona yote. Kanga yake bado ilikuwa na vumbi jekundu la njiani. Alilitazama wingu, akamtazama bibi harusi.

"Kwetu mahindi yamekauka yakiwa ya magotini," alisema taratibu. "Mkwe kama huyu ndiye tuliyekuwa tukimwomba."

Akakaa chini, akakunja mkono wa gauni. "Hebu sogeza hiyo sufuria, mwanangu."

Tone la kwanza likagonga ukingo wa sufuria. Hakuna aliyenyanyuka.